Posho ya Ramu na Hesabu ya Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika masomo ya jioni ya chama, nayo yamechapwa hapa kwa ombi la matawi.)



Jioni ya leo tutazungumza habari za pombe. Tafadhali msicheke, wala msidhani kwamba tumekuja kuwahubiria. Mwenye kunywa na anywe kwa fedha zake, na asiyekunywa na aheshimiwe. Tulilokuja kulisema ni habari ya mshahara, ila mshahara wenyewe umevaa nguo za pombe.

Matawi mawili yametuletea swali moja. Wakati wa kazi nyingi wenzetu hukaa mpaka usiku wakipakia mizigo, na mwisho wa juma mwajiri huwatolea kreti za bia na kusema, "Haya vijana, hii ni shukrani yangu." Karatasi ya mshahara ikija, zile saa za usiku hazimo. Baadhi ya wenzetu wamefurahi, baadhi wamenung'unika, na wale wasiokunywa wamekwenda nyumbani mikono mitupu. Matawi yauliza: Je, hili ni jambo la chama, au ni mambo ya mtu na starehe yake?

Sisi wa kamati twajibu kuwa ni jambo la chama kabisa. Na ili sababu ieleweke vizuri, tutawasimulia habari za wafanya kazi wengine ambao walipewa kileo na mwajiri wao kwa miaka mia tatu hivi. Watu hao ni mabaharia wa manowari za Kiingereza, na kileo chao kilikuwa ramu.

JINSI POSHO HII ILIVYOANZA

Zamani baharia wa manowari ya Kiingereza alikuwa na haki ya kupewa bia galoni moja kila siku. Galoni ni nyingi, lakini bia ile haikuwa kali sana, na maji ya pipani yalioza na kunuka baada ya majuma machache. Tabu ilikuwa kwamba bia nayo iliharibika katika safari ndefu za nchi za joto. Mwaka 1655 Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa cha Jamaika, na huko wakakuta ramu, kileo kinachotengenezwa kwa molasi ya miwa. Ramu haiozi, na pipa lake halichukui nafasi kubwa melini. Basi manowari za upande ule zikaanza kuwapa watu ramu mahali pa bia. Mwaka 1731 jambo hili likaandikwa katika kanuni: nusu painti ya ramu ihesabiwe kuwa sawa na galoni moja ya bia.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Ramu ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaika, Barbados na mahali pengine pa Karibi, na waliokata miwa ile na kuchemsha sukari ile walikuwa watumwa, Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu makwao. Tena ramu ilirudishwa Afrika ya Magharibi, ikawa bidhaa mojawapo ya kununulia watumwa wengine. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Waingereza ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Yaani kwa miaka zaidi ya 170 kopo la baharia lilijazwa na jasho la mtu asiyelipwa hata senti. Msisahau jambo hili, maana tutalirudia.

Nusu painti ya ramu ni kitu kama robo lita. Mtu anywe hiyo kila siku, kisha apande mlingoti katika upepo! Watu walianguka, walipigana, walichapwa viboko kwa ulevi. Tarehe 21 Agosti 1740 Admeri Edward Vernon alitoa amri katika manowari zake kwamba ramu ichanganywe na maji: nusu painti ya ramu kwa painti mbili za maji, tena igawiwe mara mbili kwa siku. Admeri huyo alikuwa na desturi ya kuvaa koti la kitambaa kizito kiitwacho grogram, na mabaharia walikuwa wamempa jina la utani la Mzee Grog. Kinywaji kile cha maji maji wakakiita grog, na jina likabaki mpaka leo.

Sasa pimeni mwendo wa mwajiri. Mwaka 1747 daktari wa manowari, James Lind, alijaribu dawa mbalimbali kwa wagonjwa wa kiseyeye, ugonjwa ulioua mabaharia wengi mno. Akaona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Lakini amri ya kuwapa mabaharia maji ya limau katika manowari zote haikutoka mpaka mwaka 1795. Miaka 48! Ramu ya kumnyamazisha mtu ilikuwa imekwisha kupata kanuni yake zamani, lakini limau la kumponya lilisubiri karibu nusu karne. Twadhani hapo ndipo panapoonekana posho ile ilikuwa ya kazi gani.

WALIPOANDIKA MADAI YAO HAWAKUTAJA RAMU

Watu wengi husema mabaharia wale walikuwa walevi tu, hawakujua kutetea haki zao. Maneno hayo si kweli. Mwezi wa Aprili mwaka 1797, pale Spithead karibu na Portsmouth, mabaharia wa manowari 16 walikataa kung'oa nanga. Kila meli ilichagua wajumbe wawili, wakawa wajumbe 32, nao wakakutana katika meli iitwayo Queen Charlotte. Hawakumwua mtu wakati wa kutoa madai yao. Waliweka amri kali juu ya nidhamu, na waliandika madai yao kwa maneno ya heshima.

Waliomba nini? Waliomba nyongeza ya mshahara, maana mshahara wa baharia haukuwa umeongezwa tangu mwaka 1658, karibu miaka 140. Waliomba ratli iwe ratli, maana mtunza stoo wa meli aliwapimia wakia 14 na kuiita ratli, na ratli ya haki ni wakia 16. Waliomba mboga, waliomba wagonjwa watunzwe vizuri, na waliomba ruhusa ya kushuka pwani kuona jamaa zao. Ramu hawakuomba. Tayari walikuwa nayo, nayo haikuwa imewalisha watoto wao.

Mwezi wa Mei Bunge lilikubali nyongeza, na waliogoma Spithead wakasamehewa. Lakini wenzao wa mahali paitwapo Nore, waliogoma nyuma yao na kudai makubwa zaidi, walivunjwa, na kiongozi wao Richard Parker alinyongwa tarehe 30 Juni 1797. Twawataja wote wawili, waliopata na waliokufa, kwa sababu sisi wa vyama vya wafanya kazi ni warithi wao.

KOPO LAPUNGUA, DESTURI YABAKI

Miaka ikapita, na wakubwa wenyewe wakaona kwamba ulevi unawaharibia kazi. Mwaka 1824 posho ilipunguzwa nusu, ikawa robo painti. Katika mwaka 1851 ikakatwa nusu tena, ikawa sehemu moja ya nane ya painti, na kipimo hicho ndicho kilichobaki mpaka mwisho. Maafisa waliondolewa posho hiyo mwaka 1881. Mabaharia wa kawaida waliachiwa.

Hata kipimo hicho kidogo kilikuwa na nguvu. Ramu ya manowari ilikuwa na kileo zaidi ya sehemu 54 katika mia. Kopo moja lilikuwa karibu sawa na chupa mbili kubwa za bia, nalo lilinywewa mchana, katikati ya kazi. Karibu saa sita filimbi ililia, ramu ikapimwa kwa kata mbele ya afisa, na kila mtu akapokea haki yake. Wakubwa wa vyeo vya chini walipewa ramu tupu, na mabaharia wa kawaida walipewa iliyochanganywa na maji ili wasiweze kuiweka akiba.

Desturi hii ilifika hata kwetu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon mwezi wa Aprili, manowari nyingi za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Meli zilizotia nanga pale zilikuja na mapipa yao na filimbi yao ya saa sita.

Tusiwadharau watu wale kwa kuipenda. Kazi ya manowari ilikuwa ngumu, nafasi ya kulala finyu, amri nyingi na nyumbani mbali. Ile nusu saa ya ramu ilikuwa saa yao wenyewe. Rafiki alimpa rafiki yake aliyemsaidia zamu funda moja la kopo lake, na siku ya kuzaliwa kwake mtu alionjeshwa na wenzake wote. Deni lililipwa kwa ramu na ugomvi ulimalizwa kwa ramu. Kwa hiyo kopo lile lilikuwa kinywaji, fedha na udugu kwa wakati mmoja. Mwajiri akishakushika kwa vitu vitatu kama hivyo, amekushika kweli.

Na asiyekunywa je? Miaka ya mwisho baharia aliyekataa ramu aliandikiwa peni tatu kwa siku. Hapo ndipo siri ilipotoka nje. Mwajiri mwenyewe alikuwa ameweka bei! Peni tatu kwa siku ni peni 90 kwa siku 30, nazo ni shilingi saba na nusu za Kiingereza. Kumbe ramu ile haikuwa zawadi hata siku moja. Ilikuwa sehemu ya mshahara wa baharia, nayo ilihesabiwa kwa bei ya mwajiri, wala hakuna baharia aliyeulizwa kama bei hiyo ni ya haki.

SIKU YA KOPO JEUSI

Kufika miaka ya 1960 manowari ilikuwa imejaa mitambo ya umeme, rada na silaha za hatari. Mwezi wa Desemba mwaka 1969 Idara Kuu ya Manowari ilitangaza kwamba posho ya ramu haipatani tena na kazi ya namna hiyo. Tarehe 28 Januari 1970 Bunge la Uingereza likajadili jambo hilo jioni, na baadhi ya wabunge wakaitetea ramu kwa nguvu. Haikufaa kitu. Tarehe 31 Julai 1970 ramu iligawiwa kwa mara ya mwisho. Mabaharia waliiita Siku ya Kopo Jeusi. Wengine walivaa vitambaa vyeusi mkononi, na wengine walifanya mazishi ya mchezo, wakabeba jeneza kwa ngoma na zumari.

Ni kweli kwamba wakubwa walikuwa na haki kuhusu hatari. Sisi wenyewe hatungekubali mwenzetu aendeshe winchi au kreni baada ya kunywa ramu kiasi kile, maana anayeumia ni mfanya kazi aliye chini ya mzigo. Lakini kuna swali la pili, nalo ndilo la chama: kitu kilipoondolewa, thamani yake ilikwenda wapi? Mabaharia wa kawaida waliruhusiwa kopo moja zaidi la bia kwa siku, na wale wa vyeo vya chini wakapewa ruhusa ya kununua vileo katika ukumbi wao. Serikali ikaweka pauni milioni 2.7 katika mfuko wa kuwasaidia mabaharia. Mfuko ule ulikuwa jambo jema, nasi hatuukejeli. Lakini ni Serikali iliyopanga kiasi, ni Serikali iliyochagua namna ya kulipa, na mabaharia walipewa habari tu. Mtu wa manowari hana chama cha kumsemea mezani. Aliweza kufanya mazishi ya mchezo. Mapatano hakuweza kuyafanya.

Wengine walifuata. Marekani ilikuwa imekwisha kufuta grog katika manowari zake tangu tarehe 1 Septemba 1862. Kanada ilifuta mwaka 1972, na New Zealand mwaka 1990.

RAMU ILIYOFUFUKA

Sasa sikilizeni maajabu. Posho imekufa, lakini ramu imefufuka, na imefufuka ikiwa bidhaa ya dukani. Mwaka 1979 mfanya biashara mmoja, Charles Tobias, alipata kibali cha Idara ya Manowari kutengeneza ramu kwa mchanganyiko ule wa zamani. Akaanza kuiuza mwaka uliofuata kwa jina la Pusser's, ambalo ni matamshi ya mabaharia ya cheo cha yule mtunza stoo wa meli. Sehemu ya fedha hupelekwa katika mfuko wa mabaharia. Akiba ya mwisho ya ramu ya manowari yenyewe, iliyokuwa imehifadhiwa katika magudulia, ilitiwa katika chupa na kuuzwa mwaka 2010, kila chupa kwa mamia ya pauni. Na kila tarehe 31 Julai, katika vilabu vya London na miji mingine mikubwa, watu huiadhimisha Siku ya Kopo Jeusi kwa kuonja ramu za bei kubwa. Katika manowari zenyewe, amri ya kuwapa watu wote kopo moja la furaha bado ipo, lakini hutolewa siku za sherehe kubwa tu.

Hatuna ugomvi na mtu anayekumbuka baba zake. Lakini ukumbusho wa nusu si ukumbusho. Anayeinua kopo lile na akumbuke pia mkata miwa wa Jamaika, na wajumbe 32 wa Spithead, na Parker aliyenyongwa, na ratli ya wakia 14. Chupa yaweza kuuzwa na picha ya meli juu yake. Viboko havichorwi.

HABARI ILIYO KARIBU ZAIDI NASI

Msiseme hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Katika mashamba ya zabibu ya Rasi, huko Afrika ya Kusini, wafanya kazi walipewa mvinyo mara kadha kwa siku kama sehemu ya ujira wao. Desturi hiyo iliitwa dop, yaani kopo, na chanzo chake ni siku za utumwa. Vizazi kwa vizazi viliharibiwa nayo, na mpaka leo jimbo lile lina watoto wengi mno waliozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni mwa mama zao. Sheria ya vileo ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2003 inakataza mtu kulipwa pombe mahali pa mshahara.

Shirika la Kazi la Ulimwengu nalo lilitamka mwaka 1949, katika Mapatano namba 95 ya kulinda mishahara, kwamba pombe kali isitumiwe kabisa kulipia ujira, na kwamba mishahara isilipwe katika vilabu vya pombe, ila kwa wale wanaofanya kazi humo. Na hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, yasema kwamba mwajiri atamlipa mfanya kazi mshahara wake wote, kwa fedha za Kenya. Haisemi kwa kreti.

Wazee wetu waliijua posho. Mashambani walipimiwa unga kwa kibaba, na wengine walijua vizuri kwamba kibaba cha bwana na kibaba cha sokoni havikuwa sawa. Ile ratli ya wakia 14 ilikuwa na ndugu yake huku.

SHAURI LETU KWA MATAWI

Basi, ndugu, tunarudi kwa swali mlilotuletea. Mtu amefanya kazi saa nne za usiku, akapewa chupa mbili za bia. Akiuza chupa zile hapati ujira wa saa nne. Akizinywa, asubuhi hana kitu. Akiwa Mwislamu, au Mkristo asiyekunywa, au mama mwenye watoto wanaomngoja, hata chupa hazipati. Yule baharia asiyekunywa aliandikiwa peni tatu. Mwenzetu wa leo haandikiwi chochote! Kwa sababu hiyo kamati yatoa shauri hili:

1. Kila tawi liandike saa za ziada za kila mwanachama katika daftari, siku kwa siku, naye mwenyewe atie sahihi. Neno lisiloandikwa hupeperuka.

2. Mwajiri akitoa zawadi ipokelewe kwa adabu, lakini mjumbe aseme mbele ya watu kwamba zawadi ni zawadi na saa ni saa, na kwamba saa zinangoja malipo yake.

3. Kitu chochote tulichozoea kupewa, kiwe chai, chakula, sabuni au nauli, kikitaka kuondolewa, kwanza kihesabiwe kwa shilingi. Hesabu hiyo ifanywe mezani, pande mbili zikiwapo, kabla ya siku ya kuondolewa.

4. Asiwepo mwanachama atakayewacheka wenzake waliopokea bia ile. Mtu aliyechoka akipewa kinywaji baridi hukipokea, na hiyo ni tabia ya binadamu. Kosa ni la hesabu, nayo hesabu tutaisahihisha pamoja.

Tawi litakalokubali shauri hili lilete daftari lake ofisini kabla ya mkutano ujao, ili kamati iende kwa mwajiri ikiwa na hesabu mkononi. Tukienda na manung'uniko matupu tutapewa kreti nyingine. Lakini tukienda na majina, tarehe na saa, atalazimika kujibu.

Wale mabaharia 32 hawakuwa na ofisi, wala mashine ya kuchapia, wala sheria ya kuwalinda. Walikuwa na kalamu, nidhamu na umoja, wakapata ratli ya wakia 16. Sisi tunavyo vyote walivyokosa. Basi tusikubali kupimiwa pungufu.

Umoja ni nguvu.